Namna ya kumsimulia David Davies barazani, watu wasiinuke

Mara ya kwanza niliharibu. Ilikuwa hapa hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, baada ya Isha, baraza imejaa mpaka wengine wamekalia baiskeli zao. Nikakohoa, nikaanza: David Davies alizaliwa tarehe 18 Desemba 1818 katika kijiji cha Llandinam, nchi ya Wales, mtoto wa kwanza kati ya tisa. Nikaenda hivyo mwaka kwa mwaka, kama karani anayesoma hati ya mabehewa, na kweli mie nilikuwa karani wa mizigo relini, ulimi umezoea. Nilipofika 1855 mbele yangu amebaki muuza kahawa peke yake, naye alikuwa akingoja vikombe vyake.

Tangu siku hiyo nimemsimulia tena mara nne. Mara ya mwisho dele lilikauka, likaletwa la pili. Vijana wawili wa Makorora wakanijia kesho yake: "Babu, tuandikie unavyofanya, na sie tunataka kusimulia maisha ya watu." Haya, wajukuu zangu, ndiyo hii. Nimeiandika kwa mfano wa Davies, mpasua mbao wa Wales aliyekuja kuwa mjenzi wa reli, mwenye migodi na mwenye bandari, kwa kuwa ndiye niliyemsoma muda mrefu, lakini mkiishika njia mtaweza kumsimulia hata mwenye shamba la mkonge.

Anza na msumeno

Tarehe ya kuzaliwa itie mfukoni. Mtu wa barazani hana haja na 1818, ana haja na mtu anayefanya kitu. Davies aliacha shule akiwa na miaka kumi na mmoja, akaenda kupasua mbao pamoja na baba yake. Pa kuanzia ni hapo, na hapo mie nina bahati kuliko wasimulizi wengine, maana marehemu baba alikuwa mpasua mbao upande wa Amani.

Waeleze vizuri vijana wa siku hizi, waliozaliwa wakakuta mbao zimekwisha kuranda. Kwetu gogo la mvule lilipandishwa juu ya jukwaa la miti kwenye mteremko. Kamba inachovywa katika unga mweusi wa betri kuukuu, inavutwa, inapigwa, gogo linabaki na mstari. Kisha msumeno mrefu na watu wawili. Wa juu anasimama juu ya gogo, macho kwenye mstari, yeye ndiye anayeongoza. Wa chini anavuta, na kila akivuta, unga wa mbao unamshukia usoni. Kule Wales gogo walililaza juu ya shimo, na wa chini akaingia shimoni. Kazi ni ile ile. Davies alikuwa wa juu, na jina likamganda maisha yake yote: watu wa kwao walimwita Davies Msumeno wa Juu.

Baba yangu alikuwa wa chini. Alirudi nyumbani macho mekundu, mama akimwosha kwa maji ya uvuguvugu kabla hajagusa chakula.

Kwa hiyo nikimsimulia Davies husimama juu ya benchi, nikashika msumeno wa hewa, nikapasua mara mbili tatu. Halafu nashuka, nachuchumaa, navuta huku nimefumba macho. Wazee wanacheka, na wacheke. Lakini baada ya hapo kila nikitaja "wa chini" wanajua namsema nani, hata habari ikiwa imefika mgodini. Mtafutieni kila mtu mnayemsimulia kitu kimoja cha namna hiyo, kitu cha kushikika, ambacho mtaweza kukirudia mara tatu nne bila kukieleza upya. Kimoja kinatosha. Vikiwa vitatu, msikilizaji anashindwa ashike kipi.

Majina yafanyieni mazoezi nyumbani

Ukikwama kwenye jina, watu wanadhani huijui habari yenyewe. Kwa Kiwelisi sie tuna nafuu kuliko tunavyodhani. Wanapoandika "dd" husoma "dh", ile ile ya dhahabu na dhambi. Bonde la Rhondda basi msiseme Ronda, semeni Rhondha, na mtakuwa mmewapita Waingereza wengi. Penye taabu ni "Ll" ya Llandinam. Weka ulimi pale pale unapouweka kwa "l", usitoe sauti kooni, puliza hewa ipite pembeni mwa ulimi. Mie nilifanya mazoezi asubuhi nikimwagilia mchicha, mke wangu akatoka na ufagio akidhani nafukuza kuku.

Na jitayarishe kwa swali hili, halikosi: "Huyo si Mwingereza?" Siku ile aliniuliza fundi cherehani wa mtaani kwetu. Nikamwambia, "Shehe, wewe Mdigo. Nikikuita Mzaramo?" Akanyamaza, watu wote wakaelewa kwamba Wales ni nchi yenye lugha yake na makanisa yake madogo ya Kimethodisti, ambamo Davies alilelewa: hanywi pombe, na Jumapili hafanyi kazi wala hataki kazi ifanywe.

Pimeni kwa vitu vya hapa

Hapa piteni haraka, maana ujenzi ukielezwa mno unachosha. Mwaka 1846 katika kijiji chake palijengwa daraja la chuma juu ya mto Severn. Mchoro ulikuwa wa Thomas Penson, na Davies akapewa kazi ya misingi na barabara ya kupandia. Alifanya vizuri, zikaja kazi nyingine, na kuanzia 1855 akawa mkandarasi wa reli. Kwa muda alishirikiana na mtu aitwaye Thomas Savin. Savin alipenda kulipwa kwa hisa na kujitwika uendeshaji wa reli zenyewe. Davies alitaka fedha taslimu mkononi. Wakaachana 1860. Mwaka 1866 Savin akafilisika. Sie tuliokaa relini hapo hutikisa kichwa tu.

Katika reli zake zote mie husimama mahali pamoja tu, Talerddig. Ni mlima uliokatwa ili treni ipite, na kazi ilikwisha karibu na mwisho wa 1862. Kina chake futi 120. Ukisema futi 120 barazani umesema hewa. Sema: chukua mnazi mrefu, juu yake simamisha mnazi mwingine, ndipo utafika ukingoni. Na hakuna mashine ya kuchimba kama hizi tunazoziona leo barabarani, ni sururu, baruti na toroli. Jiwe lililotoka mle likaenda kujengea madaraja ya reli ile ile.

Mzee mmoja aliwahi kunikatiza hapo akitaka reli yetu nayo itajwe. Ana haki. Nikamwambia kazi ya reli ya Tanga ilianza 1893, ikafika Mombo 1905, ikafika Moshi 1911, na Davies wakati huo yuko kaburini tayari. Kikatizo cha namna hiyo kipokeeni kwa mikono miwili. Mtu akitaka habari yako iguse mtaa wake, amekwisha kuwa ndani.

Shilingi mbili na sumni

Sasa punguzeni sauti. Hiki ndicho kiini cha jioni nzima, na wasimulizi wengi wanakiharibu kwa haraka.

Mwaka 1864 Davies alikodi haki ya kuchimba makaa ya mawe katika bonde la Rhondda ya juu. Mwenye haki hiyo alikuwa tajiri wa chuma, Crawshay Bailey. Wakati huo watu waliamini makaa mazuri ya meli yapo, lakini yako chini sana, na kuchimba mpaka huko ni kufukia mali shimoni. Davies akafungua mashimo mawili, Parc na Maendy. Wachimbaji wakashuka. Ukapita mwaka, ukazidi. Jiwe, maji, jiwe. Zile fedha za reli, alizozipata taslimu, zikateremka shimoni siku kwa siku kama mshahara wa wanaume wale.

Kisa kinachosimuliwa kwao mpaka leo ni hiki. Jumamosi moja aliwakusanya wachimbaji akawalipa, akawaambia: mshahara wa wiki nyingine sina. Nimebakiwa na nusu kraun mfukoni.

Hapo simameni. Vijana hawajui nusu kraun ni nini, na wazee wa hapa wanajua bila kujijua. Nusu kraun ilikuwa shilingi mbili na peni sita, na shilingi ya Mwingereza wakati huo ilikuwa na peni kumi na mbili. Kwa hiyo ni shilingi mbili na sumni, yaani na nusu shilingi! Shilingi yetu ya wakoloni ilikuwa sawa na yao, moja kwa moja. Mie nikisema "shilingi mbili na sumni" nasikia wazee wanavuta pumzi, maana wanaikumbuka sumni ilivyokuwa kiganjani.

Basi, sauti moja katika kundi ikasema: na hiyo nayo tutaichukua. Davies akaitoa, akawarushia. Wengine husimulia kwamba hapo watu walicheka. Mie huwa siwachekeshi. Naacha kimya, namwacha kila mtu aione ile sarafu hewani. Kisha wachimbaji wakasemezana, wakamwambia: tutashuka wiki moja zaidi bila malipo.

Machi 1866 wakayagonga makaa, yadi 220 chini ya ardhi. Ni mita 200. Msiwaambie mita, waambieni minazi kumi, mmoja juu ya mwingine, na yule wa chini yuko kwenye shina la mnazi wa kumi, gizani.

Mnaona sasa kwa nini tulianza na msumeno? Nani amekwenda kuyatoa? Ulizeni hilo kwa sauti, halafu msilijibu. Mara ya tatu niliposimulia, binti mmoja aliyekuwa akiuza mihogo pembeni alijibu kabla ya wanaume: "Wa chini." Wala hakuwa amekaa, alikuwa akigeuza mihogo yake.

Onyo kidogo. Kisa hiki kinapendeza mno, na kinachopendeza mno kisemwe kwa adabu yake: "inasimuliwa". Tarehe ya makaa na kina chake ni kumbukumbu za kazi. Sarafu ni simulizi la watu. Mkivichanganya, siku moja atatokea mwalimu atakayewauliza mbele za watu mlimsikia nani. Kipo na kisa cha Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza: inasimuliwa kwamba alimsikia Davies bungeni akijisifu alivyojijenga mwenyewe, akasema anafurahi kumsikia mheshimiwa akimsifu muumba wake. Utani mtamu, lakini mtaani kwetu una kona yake. Mie niliusema mara moja, nikatazamwa vibaya, nikauacha.

Bandari, na hapa msikimbie

Watu wa Tanga huwezi kuwapitisha bandarini kwa haraka. Sie tumekua tukiona meli zinatia nanga mbali na matishari yanazifuata, makuli wakipakia katani na kupakua. Kwa hiyo mkifika kwenye Barry, bandari ya Davies, mnaweza kukaa hata nusu saa.

Shida ya Davies baada ya kupata makaa haikuwa kuyatoa tena. Makaa ya Rhondda yalikuwa yanatafutwa na manowari za Uingereza na meli za kampuni, kwa kuwa yana joto kubwa na moshi kidogo. Yalipelekwa mpaka Port Said na Aden, huko huko ambako wengine wenu mna babu zenu. Shida ilikuwa Cardiff. Gati za Cardiff zilikuwa mali ya ukoo mmoja, wa Marquess wa Bute. Foleni ndefu, ada kubwa, mabehewa yamesimama relini na makaa juu yake. Hapo mie huweka maneno yangu mwenyewe kama karani: behewa lililosimama linakula. Linakula nafasi, linakula mshahara wa mlinzi, na mteja anapiga simu.

Davies na wenye migodi wenzake wakasema, tutajijengea bandari yetu. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Lodi Windsor, mwenye ardhi. Davies alikuwa makamu wake na msukuma gurudumu. Wakapeleka muswada bungeni 1883, Bunge la Malodi likaukataa. Wakarudi 1884, ukapita. Barry kilikuwa kijiji kidogo tu cha pwani. Vibarua kwa maelfu wakaanza kuchimba. Tarehe 18 Julai 1889 bandari ikafunguliwa.

Gati lenyewe lilikuwa bwawa la ekari 73 lenye milango. Viwanja vya mpira kama arobaini, vyote maji. Siku moja nahodha mstaafu wa jahazi aliniuliza, "Milango ya nini? Bahari inafungiwa?" Swali zuri, na jibu lake linawapendeza watu wa pwani kuliko jambo lolote jingine katika habari hii. Sie bamvua letu hupanda na kushuka mita tatu, nne hivi, na tayari linatuacha na tope refu la kuokota chaza. Bahari ya kule Barry, wakati wa bamvua, hupanda na kushuka zaidi ya mita kumi. Meli ikiachwa wazi asubuhi inaelea, mchana imelala ubavu topeni. Ndiyo maana maji yakijaa wanafunga milango, wanayabakisha ndani, meli inapakia bila kushuka. Na makaa hayabebwi begani: behewa zima linainuliwa na mtambo, linainamishwa, makaa yanamwagika tumboni mwa meli. Nahodha aligonga goti lake akasema, "Subhanallah, behewa zima."

Mwaka 1913 zilipita hapo tani zaidi ya milioni 11 za makaa, na Barry ikawa imeipita hata Cardiff. Tani hizo msizipime kwa kitu chochote cha Tanga, nimejaribu, hakuna.

Mkumbukeni tena wa chini

Mkiishia bandarini mtakuwa mmeimba sifa za tajiri. Rudisheni msumeno. Mwaka 1875 wenye migodi wa Wales Kusini waliwafungia wachimbaji milango kwa miezi kadhaa wakitaka kupunguza mishahara, na walipowafungulia, mshahara ulikuwa umepunguzwa, tena umefungwa na bei ya makaa: bei ikishuka sokoni, mfuko wa mchimbaji unashuka nao. Aliyewahi kukata mkonge kwa kipande anaujua mtego wa namna hii bila kuelezwa. Na shimo lile la minazi kumi lilikuwa na gesi inayolipuka. Semeni hayo kwa ufupi, bila kupaza sauti na bila kumtukana Davies, ambaye kwa hesabu zote alikuwa mtu wa neno lake, akatoa fedha nyingi kwa makanisa na kwa chuo kikuu cha Aberystwyth, ambacho alikuwa mweka hazina wake. Mtu anaweza kuwa mwema na akawa juu ya gogo.

Mtaulizwa na mali ilikwenda wapi. Daima huulizwa, nami nina jibu moja fupi. Wajukuu zake wawili wa kike, Gwendoline na Margaret, walinunua picha za kina Monet, Renoir na Cézanne, wakaziachia makumbusho ya taifa huko Cardiff. Zinatazamwa mpaka leo. Jibu hilo hufanya watu waanze kubishana wao kwa wao, na msimulizi anapata nafasi ya kunywa kahawa yake.

Kumaliza: hesabuni watu tisa

Siasa nimeiweka mwisho, ingawa vitabuni imo katikati. Davies alikuwa mbunge wa chama cha Liberali kuanzia 1874, kwanza wa miji ya Cardigan, kisha wa jimbo zima la Cardiganshire. Mwaka 1886 kiongozi wao Gladstone alitaka Ireland ipewe serikali yake ya ndani. Davies akakataa, akasimama uchaguzi dhidi ya mtu wa chama chake mwenyewe. Sababu za Ireland msiziingie, zitawalaza watu. Waambieni tu kwamba mtu aliyekata mlima, aliyefika minazi kumi chini ya ardhi, aliyewashinda Malodi bungeni, alishindwa kwa kura tisa.

Kisha fanyeni hivi. Inukeni, mwende kwenye baraza, mguse mabega ya watu mkihesabu: mmoja, wawili, watatu. Taratibu. Mkifika wa tisa, mara nyingi bado kuna watu wamebaki kwenye benchi. Mie siku ya mwisho wa tisa alikuwa yule binti wa mihogo, akaniambia, "Babu, mie ningempa." Fundi cherehani akasema yeye asingempa hata kwa dawa. Wakaanza.

Hapo semeni kwamba alifariki tarehe 20 Julai 1890, mwaka mmoja na siku mbili baada ya bandari kufunguliwa, na kwamba sanamu yake, kazi ya Alfred Gilbert, inasimama mbele ya ofisi za bandari ya Barry na nyingine kama hiyo kijijini kwake kando ya lile daraja la 1846, ameshika ramani ya bandari anaitazama. Hapana haja ya kusubiri watu wanyamaze. Mie huanza kukusanya vikombe, maana muuza kahawa wetu ana miguu mibovu.